Waya mrefu wa balansi kwa muziki wa nyumbani: angalia haya kabla hujatoa hela



Leo naweka hapa mambo ya msingi kuhusu waya mrefu wa balansi, ule wenye vichwa vya XLR ambavyo mafundi muziki wengi huviita kenoni. Maswali yamekuwa mengi, na majibu yanayotembea mtaani yanawatia watu hasara. Kuna anayeambiwa waya wa mita kumi lazima uwe wa bei mbaya, la sivyo muziki "utachoka njiani". Kuna anayeambiwa akisikia mvumo kwenye spika akate mguu wa ethi kwenye plagi. La kwanza linakula hela tu. La pili linaweza kuua mtu. Kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakwisha, ruka uende sehemu ya ethi kwanza, halafu rudi.

WAYA HUU UNAMHUSU NANI?

Sio kila mtu. Kama redio yako, deki na spika viko meza moja, zile nyaya fupi za RCA zenye vichwa vyekundu na vyeupe zinakutosha kabisa. Waya wa balansi unahitajika pale chanzo cha muziki kinapokaa mbali na amplifaya, au mbali na spika zenye amplifaya ndani yake.

Vijana wengi siku hizi wanasikilizia muziki nyumbani spika za studio. Tuchukue mfano wa Yamaha HS5, zinazopata muziki kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje kama Focusrite Scarlett 2i2. Kompyuta iko dirishani, spika ziko ukuta wa pili. Ukipima kwa macho unaona mita nne. Lakini waya haupiti hewani. Unashuka nyuma ya meza, unafuata ukuta, unazunguka mlango, halafu unapanda tena. Mita nne zinageuka tisa. Chukua kamba, ipitishe njia ileile waya utakayopita, ongeza mita moja, hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani.

Swali linalorudi: je, waya wa spika ya kulia na wa kushoto lazima viwe na urefu sawa? Hapana. Umeme kwenye waya unakimbia karibu na kasi ya mwanga, kwa hiyo tofauti ya mita tano sikio haliwezi kuijua hata kidogo.

BALANSI MAANA YAKE NINI?

Waya wa RCA una njia mbili: waya wa kati unaobeba muziki, na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo ni kinga, na hapohapo ndio njia ya muziki kurudi. Tatizo ndio hilo. Vifaa viwili vikichomekwa kwenye umeme, mara nyingi kunakuwa na volti ndogo kati ya boksi la kimoja na la kingine. Volti hiyo inasukuma mkondo kwenye wavu, na mkondo unajichanganya na muziki. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, ndio maana unasikia ule mvumo mzito wa "mmmmm".

Waya wa balansi una njia tatu: nyaya mbili za ndani zilizosokotwa pamoja, na wavu wa kinga. Muziki ni tofauti iliyopo kati ya zile nyaya mbili za ndani. Kelele ya nje ikija inaziingia zote mbili kwa kipimo kimoja, kwa sababu zimelala bega kwa bega. Kifaa kinachopokea kinatoa waya wa pili kutoka wa kwanza.

Tufanye hesabu ndogo. Waya wa kwanza una muziki volti +1 na kelele volti 0.2, jumla 1.2. Wa pili una muziki volti -1 na kelele ileile 0.2, jumla -0.8. Toa: 1.2 - (-0.8) = 2. Muziki umebaki wote, kelele imeyeyuka.

Hapa kuna kitu hata mafundi wengine wanakisahau. Siri yenyewe sio kule kugeuza muziki kwenye waya wa pili. Siri ni kwamba nyaya zote mbili zina ukinzani sawa kuelekea ethi, ndio maana kelele inaziingia sawasawa. Kuna vifaa vinavyotuma muziki kwenye waya mmoja tu, wa pili wanauwekea rezista inayolingana, na balansi inafanya kazi vizuri tu. Kwa maneno mengine, kazi ya kuua kelele inafanywa na vifaa vya pande zote mbili. Waya ni barabara tu.

Na barabara yenyewe sio mpya. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili za simu zilizosokotwa mwaka 1881 huko Marekani. Simu za waya zilibeba sauti kilometa na kilometa kwa njia hiyo, nguzo kwa nguzo. Kwenye jukwaa, maikrofoni inatoa umeme mdogo sana kuliko kadi yako ya sauti, lakini unasafiri mita 50 mpaka kwenye mixer bila shida. Sebule yako ya mita 10 ni safari fupi mno.

ANGALIA MATUNDU KABLA YA KUANGALIA WAYA

Hii ndio hatua ya kwanza, na inafanyika nyumbani bila senti. Geuza vifaa vyako uone matundu ya nyuma.

1. Scarlett 2i2 inatoa muziki kwa matundu ya jeki nene ya milimita 6.35, na ni ya balansi. Yamaha HS5 ina tundu la XLR na la jeki nene, yote ya balansi. Kwa hiyo unahitaji waya wenye jeki upande mmoja na XLR ya kiume upande wa pili, au jeki pande zote mbili.

2. Jeki ya balansi (TRS) ina mistari MIWILI ya plastiki inayoigawa sehemu tatu. Jeki ya gitaa (TS) ina mstari mmoja. Ukinunua ya gitaa, balansi umeiacha dukani.

3. Tundu la hedifoni la simu au laptop nalo linatumia jeki yenye mistari miwili, lakini hiyo sio balansi. Ni kushoto na kulia kwenye jeki moja. Ukiichomeka kwenye tundu la balansi, spika itatoa kulia kutoka kushoto, na chochote kilicho katikati, hasa sauti ya mwimbaji, kinapotea. Ukisikia ala zinalia lakini mwimbaji hayupo, tatizo ni hilo.

4. Kama chanzo chako kina RCA tu, kichwa cha kugeuzia RCA kuwa XLR hakikifanyi kuwa cha balansi. Lakini kama spika inapokea balansi, fundi anaweza kukutengenezea waya wa nyuzi mbili za ndani: pini ya 2 iende katikati ya RCA, pini ya 3 iende kwenye duara la nje la RCA, na wavu nao uunganishwe kwenye duara hilohilo. Mvumo unapungua sana kwa ujanja huu. Ila ujue RCA za nyumbani mara nyingi hupimwa kwa volti 0.316, wakati vifaa vya studio hupimwa kwa volti 1.23. Muziki ukiwa mdogo kidogo, usiulaumu waya. Ongeza sauti.

PINI, ZIKARIRI

Pini ya 1: wavu wa kinga.
Pini ya 2: waya wa kwanza (+). Kwenye jeki ni ncha.
Pini ya 3: waya wa pili (-). Kwenye jeki ni sehemu ya kati.

Zamani baadhi ya vifaa viligeuza 2 na 3, ila kawaida ya sasa ni 2 kuwa chanya. Zikigeuzwa upande mmoja tu, yaani spika ya kulia iko hivi na ya kushoto iko vile, basi nzito zinakwenda likizo na mwimbaji anasikika kama yuko chumba kingine. Kichwa cha XLR chenye pini zilizochomoza (cha kiume) kinaingia kwenye kifaa kinachopokea. Cha kike kinachomekwa kwenye kinachotoa.

JE, UREFU UNAHARIBU MUZIKI?

Twende na namba. Waya mwembamba wa ndani, wa milimita za mraba 0.22, una ukinzani wa karibu omu 0.08 kwa mita. Mita 15 ni omu 1.2. Spika inayopokea ina ukinzani wa maelfu ya omu, tuseme 10,000. Hiyo 1.2 mbele ya 10,000 ni tone la maji baharini.

Jambo la pili ni kapasitansi, yaani nyaya zikilala pamoja zinatunza chaji kidogo na zinaweza kula sauti kali za juu. Chukua pikofaradi 100 kwa mita, mita 20. Kama chanzo kina ukinzani wa omu 100, sauti zinaanza kupungua karibu na Hz 800,000. Sikio la binadamu linaishia Hz 20,000. Huwezi kusikia tofauti, hata ukikaa usiku kucha.

Lakini chanzo kikiwa na ukinzani mkubwa, mfano kidhibiti sauti kisichotumia umeme chenye omu 10,000, waya huohuo unaanza kula sauti kwenye Hz 8,000. Hapo utasikia muziki umepooza. Dawa ni kubadili chanzo. Waya wa dhahabu hautakusaidia.

Usichanganye na waya wa kutoka amplifaya kwenda kwenye spika za kawaida. Huo unabeba mkondo mkubwa, na huko unene wa shaba ni muhimu kweli.

DUKANI UNAANGALIA NINI?

- Nyaya mbili za ndani zilizosokotwa, na wavu uliojaa. Wavu wenye mapengo makubwa unapitisha kelele.
- Ndani shaba, sio chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Beba sumaku ndogo. Ikinasa waya, ondoka.
- Vichwa vya chuma vinavyofunguka kwa skrubu, vyenye kibano kinachoshika waya. Bila kibano, kila ukivuta unavuta ule mchomeo wa risasi. Neutrik ni jina linaloaminika, ila angalia kwa makini, feki zipo.
- Ganda laini linalokunjika bila kubaki na alama.
- Kuna waya wa nyuzi nne za ndani. Unazuia vizuri zaidi kelele za sumaku, mfano ukipita karibu na transfoma. Nyumba ya kawaida hauulazimishi.

Muuzaji mmoja alinihakikishia kuwa waya wake "unaongeza basi". Waya mzima hauongezi basi wala haupunguzi. Hela ya ziada iweke kwenye vichwa vizuri na fundi anayejua kuchomea.

Kabla hujalipa, omba mita ya fundi. Pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 ziwasiliane. 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3 zisigusane. Wakati wa kupima tikisa vichwa. Mita ikikatakata, rudisha.

Ukifika nyumbani, usiufunge waya wa muziki pamoja na waya wa umeme. Waachanishe. Lazima wakutane? Wavuke kwa msalaba, wasitembee sambamba.

SEHEMU YA ETHI, SOMA MARA MBILI

Umeunganisha kila kitu na mvumo upo. Kwanza chomoa waya wa muziki kwenye spika. Mvumo ukiendelea, waya wako hauna kosa, tatizo liko kwenye spika yenyewe. Ukikatika, fuata mpangilio huu: chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, pima waya upya, kisha mwombe fundi aache wavu wa waya wa MUZIKI bila kuunganishwa upande wa spika, ubaki upande wa chanzo tu. Ikishindikana, ipo transfoma ndogo ya kutenganisha sauti.

Kitu ambacho HUFANYI ni kukata ethi ya UMEME, yaani ule mguu mrefu wa plagi ya miguu mitatu au waya wake wa ndani. Kazi yake ni hii: waya wa moto ukilegea ndani na kugusa boksi la chuma, umeme unakimbilia ardhini, fyuzi inakatika, wewe uko salama. Ukiikata, boksi linabaki na volti 230 likisubiri mkono wa mtu. Na wavu wa waya wako wa muziki unaunganisha maboksi, kwa hiyo hatari inahamia mpaka kwenye kifaa kingine. Mvumo utakuwa umekwisha, ndiyo. Lakini anayegusa ile spika akifuta vumbi anaweza kuwa mdogo wako.

Na kama tundu la ukutani lina matundu matatu ila nyumba haina ethi iliyozikwa chini, mwite fundi umeme kabla hujanunua waya wowote. Hiyo ndiyo hela ya kwanza kutoka mfukoni.

Kwa leo ni hayo. Mwenye swali aandike hapo chini: chanzo chake ni kipi, spika zipi, na waya unapita mita ngapi. Mafundi mliopo humu, nyongeza na masahihisho yanapokelewa. Tuelimishane.