Lancia Stratos: gari la rali lililoshindwa na Safari



Ikitajwa Safari Rally, wengi wetu hukumbuka Peugeot 504, Datsun na Lancer ya Joginder Singh. Leo hebu tulikumbuke gari la Kitaliano ambalo Safari ililinyima ushindi.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, magari mengi ya rali yalikuwa magari ya kawaida tu, yakiongezewa nguvu. Lancia wenyewe walitegemea Fulvia, nayo ilishazeeka. Mkuu wa timu yao, Cesare Fiorio, akaugeuza mchezo: liundwe kwanza gari la mashindano, halafu ndio yauzwe machache kwa watu ili kutimiza kanuni. Mwaka 1970 Bertone walikuwa wameonyesha huko Turin gari la ajabu lililochorwa na Marcello Gandini, na wazo likaanzia hapo.

Stratos haikuwa na injini mbele. V6 ya lita 2.4, ile ya Ferrari Dino, ililazwa kwa upana nyuma ya migongo ya dereva na mwenzake. Uzito ukakaa katikati, na kwa vile gari lilikuwa fupi, mita 3.71 tu, lilikata kona papo hapo. Ufupi huo huo ulilifanya liwe kali, dereva asiyelijua linamgeuka. Hesabu inayotajwa sana ni magari 492 tu.

Lancia wakatwaa ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Sandro Munari akashinda Monte Carlo miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977.

Lakini Safari wapi! Mwaka 1975 Munari alikuwa wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Aliyewashinda ni Ove Andersson na Peugeot 504, ndugu wa zile zilizokuwa zikibeba abiria na magunia barabarani kwetu. Mwaka 1976 Lancer zikazoa nafasi zote tatu za mwanzo, Joginder akiwa mbele. Mwaka 1977 Munari akaambulia ya tatu.

Baada ya hapo Fiat, wenye Lancia tangu 1969, wakaelekeza nguvu kwenye 131 Abarth, iliyofanana na gari walilokuwa wakiwauzia wananchi.

Sisemi Stratos lilikuwa bovu, la hasha. Ila kwa maelfu ya kilomita za tope, vumbi na mashimo, kasi peke yake haitoshi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.