Maswali kuhusu Kitubio katika Misioni ya Bukumbi, Misungwi

Waamini huuliza mara kwa mara: asiye na padre aungame kwa nani, kwa lugha gani, na siri yake hulindwaje? Aghalabu maswali haya hujibiwa kwa katekisimu peke yake. Historia ya Bukumbi, iliyo leo katika Wilaya ya Misungwi, inaonyesha kwamba yaliwahi kuwa maswali ya maisha.

Mapadre Weupe walifungua misioni hiyo mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda Novemba 1882. Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza ukatekumeni wa miaka minne. Kwa kuwa ubatizo huondoa dhambi zilizotangulia, kitubio humhusu aliyekwisha kubatizwa. Hivyo mtu mzima aliyeanza mafundisho Bukumbi kwa kawaida alisikia habari za maungamo muda mrefu kabla ya kupiga magoti mbele ya muungamishi. Ng'ambo ya ziwa hali ilikuwa kinyume: wabatizwa wa Buganda walibaki bila padre hadi Julai 1885. Mtaguso wa Trento ulikuwa umefundisha mwaka 1551 kwamba majuto kamili, yakiambatana na nia ya kuungama, humpatanisha mtu na Mungu hata kabla ya kupokea sakramenti. Vitabu hulitaja fundisho hilo kama jambo la pembeni. Kwa jumuiya ile ndilo lililokuwa tegemeo.

Mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa Buganda wakakimbilia Bukumbi, na Wakristo Waganda wakawafuata. Misioni moja ikawa na waamini wa lugha mbalimbali. Mahubiri yanaweza kupitia kwa mkalimani mbele ya umati. Dhambi ya mtu ni jambo jingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimruhusu muungamaji kumtumia mkalimani akitaka, nayo ikamfunga mkalimani huyo kwa siri. Agizo la Lavigerie kwamba wamisionari wazungumze lugha ya wenyeji hata wao kwa wao lastahili kusomwa kwa mtazamo huu pia, si wa mahubiri tu.

Kila kituo kilitakiwa kuandika shajara. Humo mtafiti hukuta wageni, magonjwa na safari. Yaliyoungamwa hayawezi kuwamo, kwani siri ya kitubio humfunga padre hata baada ya muungamaji kufariki. Kuuchukua ukimya huo kuwa dalili kwamba maungamo hayakugusa maisha ya watu ni kosa la mbinu ya utafiti.