Kutoka Kiti cha Dereva hadi Kioo cha Simu: Historia ya Hoja kuhusu Skrini na Umetaboli wa Vijana

Utangulizi

Kijana anayeongezeka uzito siku hizi huulizwa mapema kuhusu simu yake, iwe nyumbani, chuoni au katika kituo cha afya. Swali hilo limezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa lilikuwapo siku zote. Kihistoria, hata hivyo, lina asili inayojulikana. Lilizaliwa kutokana na swali jingine lililohusu kiti, na watu wa kwanza kuchunguzwa kwa ajili yake hawakuwa vijana bali wafanyakazi wa mabasi ya London. Insha hii inafuatilia safari ya hoja hiyo kuanzia mwaka 1949 hadi ilipofika Tanzania, nchi ambayo sehemu yake ya bara haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka 1994. Inadaiwa hapa kwamba ushahidi dhidi ya skrini ni wa kweli, lakini ulirithi kutoka katika tafiti za kiti shaka moja ambayo haijafutika: je, ni kiti kilichomnenepesha mtu, au ni mtu aliyekwisha kunenepa aliyekichagua kiti? Shaka hiyo inaposahauliwa, kijana hulaumiwa kwa mabadiliko ambayo si yeye aliyeyaanzisha.

Neno umetaboli linatumika hapa kwa maana ya namna mwili unavyokitumia na kukihifadhi chakula: sukari iliyomo katika damu, insulini inayoiwezesha kuingia katika seli, lehemu na mafuta mengine ya damu, pamoja na mafuta yanayojikusanya kiunoni. Mambo haya huanza kwenda kombo miaka mingi kabla ya daktari kutamka neno kisukari, na ndiyo sababu umri wa miaka ya ishirini umepewa nafasi kubwa katika mjadala.

Dereva, kondakta na suruali

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ugonjwa wa moyo uliwaua wanaume wengi wa makamo nchini Uingereza, na sababu zake hazikueleweka. Daktari Jerry Morris na wenzake waliamua kuzitafuta sababu hizo katika kazi ambazo watu walizifanya. Kuanzia mwaka 1949 walikusanya taarifa za wafanyakazi wa usafiri wa London wapatao 31,000, wote wanaume wa umri wa miaka 35 hadi 64. Uteuzi huo ulikuwa na busara ya pekee. Dereva na kondakta walitoka katika tabaka moja la jamii na walifanya kazi katika basi lilelile. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba mmoja aliketi karibu zamu nzima, ilhali mwenzake alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tiketi, mamia ya vidato kwa siku.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1953. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Walipoupata, uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi, na haukuwaua kwa wingi uleule. Tofauti ya namna hiyo ilionekana pia kati ya tarishi wa posta waliozunguka kwa miguu na baiskeli na makarani waliokaa ofisini. Wanahistoria wa tiba huutaja utafiti huu kuwa mwanzo wa elimu ya kisasa kuhusu mazoezi na afya, na Morris mwenyewe, aliyefariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, hutajwa kuwa mfano hai wa mafundisho yake. Sifa hizo ni za haki, lakini kwa kawaida husimulia nusu ya kwanza tu ya kisa.

Nusu ya pili ilitokea mwaka 1956. Watafiti walewale walizipitia kumbukumbu za sare walizogawiwa wafanyakazi, wakalinganisha ukubwa wa viuno vya suruali. Waligundua kwamba madereva walivaa suruali pana kuliko makondakta wa kimo na umri uleule, na kwamba tofauti hiyo ilikuwapo hata miongoni mwa vijana ambao hawakuwa wamekaa kazini miaka mingi. Maana yake ilikuwa wazi, na kwa Morris ilikuwa chungu: huenda sehemu ya tofauti kati ya makundi mawili ilikuwapo kabla mtu hajakikalia kiti cha dereva. Hakuna aliyemlazimisha Morris kuzifungua daftari za sare. Alizifungua mwenyewe, akachapisha alichokikuta, kisha akaendelea kuitetea hoja yake kwa tafiti nyingine. Mbinu aliyoitumia, yaani kuuliza mwili wa mtu ulikuwaje kabla ya kuingia katika hali inayoshutumiwa, ndiyo kipimo ambacho tafiti zote za skrini zilipaswa kukabiliana nacho baadaye.

Runinga yaingia badala ya kiti

Kwa takriban miongo mitatu suala la kuketi lilibaki kuwa suala la kazi. Lilihamia sebuleni pale madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kuhesabu saa za runinga. Mwaka 1985 William Dietz na Steven Gortmaker walichapisha uchambuzi wa takwimu za kitaifa zilizokusanywa katika miaka ya 1960, wakaonyesha kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 12 hadi 17 kila saa moja zaidi ya runinga kwa siku iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 2 katika kiwango cha unene uliokithiri. Makala yao ndiyo iliyoifanya runinga kuwa mshitakiwa rasmi. Mwaka 2001 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kilishauri kikomo cha saa moja hadi mbili za vipindi bora kwa siku, na saa mbili zikageuka kuwa kanuni iliyonukuliwa duniani kote, mara nyingi na watu wasiojua ilikotoka.

Swali la suruali lilirejea papo hapo. Je, mtoto alinenepa kwa sababu ya runinga, au mtoto mnene, asiyechaguliwa uwanjani, ndiye aliyejikimbizia kwenye runinga? Thomas Robinson alijaribu kulijibu kwa njia ya majaribio katika shule mbili za msingi za San Jose, California. Katika shule moja wanafunzi walifundishwa kwa miezi kadhaa kupunguza runinga na michezo ya video. Katika nyingine hawakufundishwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba wanafunzi wa shule ya kwanza waliongezeka uzito kwa kasi ndogo zaidi kulingana na kimo chao. Hapo kwa mara ya kwanza palikuwa na sababu nzuri ya kusema kwamba skrini yenyewe ilichangia, ingawa waliopimwa walikuwa watoto, nao walifuatiliwa kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja wa shule.

Kwa upande wa vijana watu wazima, ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Dunedin, mji wa New Zealand ambako watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Robert Hancox na wenzake (2004) walitazama saa za runinga walizozitumia watoto hao kati ya miaka 5 na 15, kisha wakaipima miili yao walipofikisha miaka 26. Waliotazama zaidi walikuwa na uzito mkubwa zaidi, pumzi hafifu zaidi na lehemu nyingi zaidi katika damu, hata baada ya kuzingatiwa hali ya kiuchumi ya familia na unene wa wazazi. Shinikizo la damu halikuonyesha uhusiano kama huo. Jambo hili la mwisho hurukwa katika muhtasari mwingi, nalo ni muhimu, kwani linaonyesha kwamba runinga haikuudhuru mwili wote kwa jumla kama inavyosemwa mitaani, bali iligusa baadhi ya mifumo na kuiacha mingine.

Chakula, msuli na usingizi

Ni nini basi hasa kinachodhuru? Kuhusu chakula maelezo ni mafupi: anayekula huku akitazama hukosa kuhisi shibe kwa wakati, tena matangazo humtamanisha vyakula vya sukari na mafuta. Kuhusu msuli, David Dunstan na wenzake nchini Australia walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wazima wenye uzito uliozidi walipokatiza kuketi kwao kwa kutembea dakika mbili katika kila dakika ishirini, sukari na insulini iliyopanda baada ya mlo ilipungua. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu. Msuli uliotulia huiacha izunguke. Katika hili skrini haina kosa la pekee. Mshonaji aliyeinamia cherehani na mwanafunzi aliyeinamia kitabu huketi vilevile.

Usingizi ndio unaoitofautisha skrini ya sasa na kiti cha dereva. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na mwenzao walichapisha jaribio walilolifanya Chicago, ambamo vijana wa kiume 11 wenye afya nzuri waliruhusiwa kulala saa nne tu kwa usiku kwa usiku sita. Ndani ya muda huo mfupi uwezo wa miili yao wa kuiondoa sukari katika damu ulishuka. Wakati jaribio hilo likifanyika, simu haikuwa bado kitu cha kulala nacho. Miaka kumi na sita baadaye, Anne-Marie Chang na wenzake (2015) waliwalinganisha watu wazima vijana 12 waliosoma kabla ya kulala, kwanza kwa kifaa chenye mwanga na kisha kwa kitabu cha karatasi, au kinyume chake. Walipotumia kifaa, homoni ya melatonini ilipungua na usingizi ulichelewa, ingawa kucheleweshwa huko kulikuwa kwa takriban dakika kumi tu. Tafiti hizi mbili zikiwekwa pamoja hufanya mnyororo unaoshawishi, lakini ni mnyororo ulioungwa na msomaji. Dakika kumi si saa nne. Kinachomnyima kijana saa nne za usingizi si mwanga wa kioo peke yake. Ni mazungumzo, mechi, tamthilia na wasiwasi vinavyopita katika kioo hicho.

Tanzania: mwili uliobadilika kabla ya kioo

Historia ya Tanzania inaipa hoja hii mtihani wa aina yake. Zanzibar ilianzisha runinga mwaka 1973, tena ya rangi. Bara, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliihesabu runinga kuwa anasa ambayo ingewanufaisha wachache wa mijini, na wananchi waliendelea kusikiliza redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 matangazo yakaanza Dar es Salaam. Mkongo wa baharini ulioleta intaneti ya kasi ulifika mwaka 2009.

Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima kisukari katika vijiji vya Tanzania Bara na kuchapisha matokeo mwaka 1989, walikuta ugonjwa huo kwa chini ya asilimia 1 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiwango kinachokaribia asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mwandishi mwenye haraka angeweza kuziweka takwimu hizi mbili kando ya miaka ya 1994 na 2009 na kuifunga kesi. Lakini umri wa waliopimwa haukuwa sawa, na utafiti wa pili ulijumuisha miji. Zaidi ya hayo, Terry Aspray na wenzake (2000) walikuwa wamekwisha kukuta kisukari kwa karibu asilimia 6 ya wakazi wa Ilala waliopimwa, dhidi ya chini ya asilimia 2 katika kijiji cha Kilimanjaro. Vipimo hivyo vilifanyika katikati ya miaka ya 1990, wakati runinga ilikuwa ndiyo kwanza inaingia majumbani. Kisukari huchukua miaka mingi kujengeka. Wagonjwa wa Ilala hawakuweza kuwa mazao ya kifaa walichokuwa wamekinunua juzi.

Utafiti unaokaribia zaidi zile daftari za sare ulichapishwa mwaka 2010. Nigel Unwin na wenzake waliwapima watu kutoka vijiji vya Morogoro kabla hawajahamia Dar es Salaam, wakawapima tena baada ya mwaka mmoja wa kukaa mjini. Mwili wa kabla ulijulikana. Shaka ya suruali ilikuwa imejibiwa mapema. Katika mwaka huo mmoja kazi nzito za mwili zilipungua kwa kiasi kikubwa, na wastani wa uzito ukapanda kwa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na kwa wanawake. Waliacha jembe, kuni na safari ndefu za miguu, wakapata daladala, duka la jirani na kazi za kusimama au kukaa mahali pamoja.

Wahamaji wa leo huingia mjini wakiwa na simu tayari. Kijana wa bodaboda huketi juu ya pikipiki tangu alfajiri, hula chipsi kijiweni, na baina ya abiria mmoja na mwingine hutazama simu. Dodoso linalouliza saa za skrini pekee litaziandika saa zake za kusubiri abiria kuwa saa za skrini, na kiti alichokikalia siku nzima hakitaandikwa popote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wapunguze muda wa kuketi, wala hautaji idadi ya saa, kwa kuwa ushahidi wa kuiweka idadi hiyo haukutosha.