Haki ya Kupita: Njia za Miguu katika Vilima vya Chaki

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu wa darasa achukue chaki aandike ubaoni maneno haya matatu: HAKI YA KUPITA. Yasomeni pamoja, polepole. Haki. Ya. Kupita. Vema.

Sasa vitazameni vidole vya mwalimu. Vimepakaa unga mweupe. Neno chaki tumelipata kwa Waingereza, nao kwao ni jina la jiwe jeupe, laini, litokalo ardhini. Chaki nyingi za shuleni siku hizi hutengenezwa kwa jasi, lakini jina limebaki lile lile. Kusini mwa Uingereza kuna vilima virefu ambavyo ukifukua majani na udongo kidogo tu, wakuta chaki tupu. Jiwe hilo ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, wasioonekana kwa macho matupu, ambao walikufa wakazama na kurundikana chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka. Kisha nchi ikainuka, bahari ikarudi nyuma, vilima vikabaki.

Mtauliza, mbona mwalimu wa historia atueleza habari za mawe? Kwa sababu huko mawe ndiyo yaliyoamua watu wapite wapi. Chaki hunywa maji. Mvua ikinyesha, maji huzama chini, na mgongo wa kilima hukauka upesi. Bondeni kuna udongo wa mfinyanzi ushikao miguu, na zamani palikuwa na msitu mzito. Basi msafiri mwenye mzigo kichwani, au mwenye ng'ombe wake, alishika njia ya juu, penye miguu mikavu na macho yaonayo mbali.

Njia mojawapo ya namna hiyo huitwa Ridgeway, maana yake njia ya mgongoni. Leo ina urefu wa maili 87, yaani karibu kilomita 140. Yaanza Overton Hill, karibu na mawe makubwa ya kale ya Avebury, na kuishia juu ya kilima cha Ivinghoe Beacon, katika vilima vya Chiltern. Katikati ya safari hushuka bondeni, ikavuka mto Thames penye kijiji cha Goring, kisha ikapanda tena na kuingia msituni.

Si kila hatua ya njia ya leo ni ya kale. Lakini kando yake yapo makaburi ya mawe yenye umri wa miaka zaidi ya 5,000, na maboma ya udongo waliyojenga watu wa zamani za chuma. Tena yuko farasi. Katika mteremko wa kilima cha Uffington watu walichimba mitaro na kuijaza chaki iliyopondwa, hata ikatokea sura ya farasi mweupe mwenye urefu wa mita 110 hivi, aonekanaje akiwa bondeni mtu? Kama mstari mweupe uliochorwa kwenye ubao wa kijani. Wataalamu wamepima udongo wa mitaro hiyo, wakaona kwamba farasi huyo ana umri wa miaka 3,000 hivi. Sasa fikirini. Majani yasipong'olewa, farasi humezwa na kilima katika miaka michache. Akiwa bado yupo leo, basi tangu alipochorwa watu hawakuacha kupanda kilimani kumpalilia.

Njia nayo ni vivyo hivyo. Njia ya miguu hailimwi wala haijengwi. Yaishi kwa nyayo za wapitao.

Karne nyingi njia hizi zilikuwa za kazi. Wachungaji kutoka Wales walipeleka makundi ya ng'ombe mpaka masoko ya London, na wengine walifuata Ridgeway ili kukwepa barabara zilizokuwa na milango ya kutoza ushuru. Katika misitu ya Chiltern mafundi walikata miti na kukereza miguu ya viti pale pale porini, kisha viti vyenyewe vikaungwa katika mji wa High Wycombe, uliopata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Kulikuwa na njia ya kwenda kanisani, njia ya kwenda kinuni mtoni, njia ya kwenda malishoni. Hakuna aliyekuwa na hati ya njia. Mtoto alipita alipopita baba yake, basi.

Hapo ndipo shauri lilipoanza.

Zamani, kando ya vijiji vingi vya Uingereza kulikuwa na malisho ya wote. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, mara nyingi kabaila mmoja, lakini wanakijiji walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao, kuokota kuni na kukata majani ya kulalia wanyama. Baadaye matajiri waliona faida kubwa zaidi kuzungushia ardhi ile ua na kuilima wenyewe, au kuikodisha. Waliomba ruhusa Bungeni, na Bunge, ambalo wakati ule lilijaa wenye ardhi, likawapa. Kati ya mwaka wa 1604 na mwaka wa 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kufunga ardhi, na eneo lililofungwa lilikuwa eka milioni 6.8 hivi. Mtu aliyekuwa na mbuzi wawili na haki ya kuokota kuni, alibaki na mbuzi wawili tu, na mahali pa kuwalisha hana.

Njia nazo zikafuata. Mwaka wa 1815 ilitoka sheria iliyowawezesha mahakimu wawili wa wilaya kuifunga njia yo yote waliyoiona haina haja. Hakimu wa wilaya wakati huo alikuwa nani? Kwa kawaida alikuwa mwenye ardhi. Naye rafiki yake alikuwa mwenye ardhi jirani. Sihitaji kueleza zaidi.

Watu wa mijini ndio waliopiga kelele kwanza, kwa kuwa waliofanya kazi viwandani hawakuwa na pumziko ila kutembea mashambani siku ya Jumapili. Mwaka wa 1824 kiliundwa chama cha kulinda njia za zamani katika mji wa York, na mwaka wa 1826 kingine Manchester. Vyama hivyo vilichangisha fedha, vikaweka wanasheria, vikawapeleka mahakamani wenye kuziba njia.

Sasa nitawasimulia kisa kimoja kilichotokea katika vilima hivyo hivyo vya Chiltern, mahali paitwapo Berkhamsted. Mwaka wa 1866 Lodi Brownlow, mwenye jumba kubwa la Ashridge, alizungushia ua wa chuma sehemu ya malisho ya wote, zaidi ya eka 400. Ua ulikuwa mrefu kuliko kifua cha mtu, na haukuwa na mlango. Wanakijiji wafanye nini? Kwenda mahakamani kushindana na Lodi kulitaka fedha nyingi.

Alikuwapo mtu mmoja, Augustus Smith, aliyekuwa na nyumba yake jirani na haki katika malisho yale. Smith hakuwa maskini, naye alikuwa na ardhi nyingi kwingineko; mimi sipendi vitabu vinavyomfanya kuwa mkulima mnyonge. Lakini alikuwa na ukaidi, na wakati mwingine ukaidi wa tajiri huwafaa maskini. Alishauriana na chama cha kutetea malisho ya wote, kilichoundwa mwaka wa 1865, wakaamua kuubomoa ua kwanza, kesi ije baadaye. Ikiwa ua umewekwa bila haki, basi kuubomoa si kosa.

Usiku wa tarehe 6 Machi 1866, gari moshi la kukodi liliondoka London likiwa na vibarua zaidi ya 100, watu waliozoea kuchimba njia za reli. Yasimuliwa kwamba wasimamizi wao walikutwa wamelewa, ikabidi karani wa mwanasheria awaongoze yeye. Walishuka stesheni ya Tring usiku wa manane, wakatembea gizani na nyundo na mitaimbo yao. Kulipopambazuka, maili 2 za ua zilikuwa zimelala chini, vyuma vimepangwa vizuri katika mafungu, maana waliambiwa wasiharibu mali ya mtu. Habari ilipoenea, watu walitoka nyumbani kwao, wengine kwa miguu, wengine kwa magari ya farasi, wakatembea juu ya malisho yale. Wengi walikata tawi dogo la kichaka cha miiba wakaenda nalo nyumbani, kuwa alama kwamba mahali pale ni pao tena.

Lodi Brownlow alishtaki, lakini alifariki mwaka wa 1867 kabla shauri halijaisha. Mwaka wa 1870 mahakama ilikata shauri kwa upande wa Smith. Mwanasheria aliyesaidia kesi za namna hiyo, Robert Hunter, ndiye mmoja wa watu watatu walioanzisha chama cha National Trust mwaka wa 1895, nacho mwaka wa 1926 kikapata sehemu ya ardhi ile ya Berkhamsted. Stesheni ya Tring ipo hata leo, na wengi waendao kutembea Ridgeway hushukia hapo.

Angalieni jambo moja. Kesi ile ilikuwa ya malisho na kuni, haikuwa ya matembezi. Mtu asiyekuwa na haki ya malisho aliendelea kufukuzwa katika ardhi nyingi, hasa milimani kaskazini, ambako matajiri walifuga ndege wa kuwinda. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wengi wao vijana wa viwandani, waliingia makusudi katika mlima wa Kinder Scout uliokatazwa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Vijana watano walifungwa jela.

Mwaka huo huo wa 1932 ilitoka sheria nyingine, iliyopita kimya kimya, nayo kwa maoni yangu ina uzito sawa na ule mlima. Ilisema kwamba watu wakiipita njia miaka 20 mfululizo, bila kuomba ruhusa, bila kujificha na bila kuzuiwa, yahesabiwa kuwa mwenye ardhi ameitoa njia ile kwa watu wote. Yaani nyayo zimekuwa hati. Wenye ardhi wenye akili walikuwa na dawa yao tangu zamani: kuifunga njia siku moja kila mwaka, ili mtu asidai kwamba hakuzuiwa.

Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1949. Kila halmashauri ya jimbo ilitakiwa kuchora ramani yenye njia zote za watu. Baraza za vijiji zilitembea mashambani, zikaulizana nani alipita wapi na tangu lini. Njia ikishaandikwa katika ramani ile haiwezi kukanwa, hata shamba liuzwe mara kumi. Leo katika Uingereza na Wales kuna maili 140,000 hivi za njia za namna hiyo, na tangu sheria ya mwaka wa 2000 watu wana ruhusa kutembea pia nje ya njia katika milima, malisho ya wote na vilima vya chaki vyenye majani vilivyoonyeshwa katika ramani.

Mkulima naye asionewe. Mpitaji akiacha lango wazi, kondoo hutoka. Mbwa wake akikimbia ovyo, mimba za kondoo huharibika. Kwa hiyo haki ya kupita ni haki ya kupita tu: huwezi kuchuma wala kujenga. Na mkulima aweza kulima shamba ambalo njia yakatiza katikati, lakini apaswa kuirudisha katika siku 14, iwe na upana wa mita moja walau na ionekane. Ndiyo maana mwezi wa Mei, ukisimama juu ya kilima cha Chiltern, waona shamba la ngano mbichi, na ndani yake mstari mwembamba, mweupe kwa chaki, umepita katikati moja kwa moja mpaka ukingo wa msitu.

Mwalimu wa darasa, sasa wape wanafunzi kazi hii. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya njia moja ya miguu kijijini kwake: yatoka wapi, yafika wapi, na yapita katika shamba la nani.