Mintarafu ya Kompyuta Kuukuu Zisizowaka

Katika zama ambazo kompyuta zilikuwa za kuhesabika duniani, na kila moja ikijaza ukumbi mzima, kuizima ndiko kulikokuwa hatari kuu, kwani mashine iliyozimwa usiku haikuwa na dhamana ya kuwaka asubuhi. ENIAC, iliyodhihirishwa kwa umma huko Philadelphia mwezi wa Februari 1946, ilikuwa na valvu za kioo karibu 18,000, na wahandisi wake walitambua mapema kwamba valvu hizo aghalabu hufa ama zinapopata moto ama zinapopoa. Basi wakaazimu kuiacha ikiwaka usiku na mchana, wakiona kuwa gharama ya umeme ni nafuu kuliko taabu ya kuisaka valvu moja iliyoungua miongoni mwa maelfu. Hata hivyo ziliungua, na wanawake sita waliopewa kazi ya kuipangia mashine ile hesabu zake, akina Jean Jennings na Betty Snyder, ambao hawakukabidhiwa kitabu cha maelezo bali michoro ya nyaya tu, waliizoea hata wakaweza, kwa kutazama jawabu lililokosewa, kuelekeza karibu kabisa na valvu yenye ila. Hao ndio nionavyo mimi waasisi wa ufundi huu, ijapokuwa usiku wa kuizindua mashine hawakualikwa kwenye karamu.

Kuwaka, katika siku za baadaye kidogo, bado kulikuwa kazi ya binadamu nusu na ya mashine nusu. Mnunuzi wa Altair 8800, iliyotoka Albuquerque mwaka 1975, alipotia umeme hakupata ila taa nyekundu, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ilikuwa haina kitu. Ilimlazimu aketi mbele ya safu ya swichi na kutia maagizo ya kwanza kwa kuzipandisha na kuzishusha, moja baada ya nyingine, mpaka mashine ipate ujuzi wa kutosha kusoma maagizo mengine kutoka utepe wa karatasi, na umeme ukikatika alianza upya. Mashine ya namna hiyo ilipokataa kazi, dhana ya kwanza iliangukia vidole vya mwenyewe.

Mageuzi makubwa yalitoka Boca Raton, katika jimbo la Florida, ambako kikosi kidogo cha IBM chini ya uongozi wa Don Estridge kiliunda kompyuta ya mezani iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Ndani ya chipu isiyofutika waliweka programu fupi iitwayo BIOS, ambayo David Bradley alikuwa mwandishi wake mashuhuri, na programu hiyo ikaamrishwa kuikagua mashine kabla haijamtumikia mtu yeyote. Pawa saplai ikishaona kwamba volti zake zote zimekamilika, huipelekea bodi ishara, na hapo ndipo prosesa ya 8088 huamka na kwenda kulichukua agizo lake la kwanza mahali pamoja pasipobadilika, baiti 16 tu kabla ya mwisho wa megabaiti yake moja. Kisha hujipima nafsi yake, ikaipima BIOS, saa ya ndani, kilobaiti 16 za mwanzo za kumbukumbu, halafu kioo, kibodi na diski, kwa utaratibu ambao kila hatua imeegemea ile iliyoitangulia. Mambo yakiwa salama, husikika mlio mmoja mfupi. Yakiwa si salama, namba hutokea kiooni, 201 ikiishtaki kumbukumbu, 301 kibodi, 601 diski. Na ikiwa kioo chenyewe ndicho kisichofanya kazi, mashine hutoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, ili fundi asibaki gizani.

Kimya nacho kilikuwa jawabu, na pengine jawabu lenye faida kuliko yote, maana kilimjulisha fundi kwamba maradhi yako kabla ya BIOS, katika umeme au katika bodi. Wanaozihuisha mashine hizo hivi leo wanaijua kadhia moja inayojirudia mno: pawa saplai ya kompyuta ile ya kwanza, yenye uwezo wa wati 63.5 tu, hujizima yenyewe pindi ihisipo shoti, na juu ya bodi na kadi zake mna kapasita ndogo za tantalamu ambazo, kwa kupita miaka, huharibika kwa kugeuka njia wazi ya umeme. Matokeo yake ni mashine nzima kuonekana maiti, ilhali maiti ni kapasita moja yenye ukubwa wa punje ya choroko. Fundi mwenye subira hatii moto wala habomoi. Hutoa kadi moja moja huku akijaribu, na bodi ikibaki peke yake na bado kimya, hushika mita akapima kati ya njia ya volti 12 na ardhi, akaifuata shoti mpaka kwenye chanzo chake. Fundi mwenye pupa hununua pawa saplai mpya yenye nguvu zaidi, ambayo haijizimi upesi, na kapasita ile humpasukia usoni.

Mwaka 1984 IBM ilitoa mashine iitwayo AT, na humo ikaingia neema iliyochukua nakama ndani yake. Awali aina ya vifaa vilivyofungwa ilielezwa kwa swichi ndogo juu ya bodi. AT ikaandika habari hizo katika chipu ya saa, penye baiti 64 zinazotunzwa na betri mashine inapozimwa. Betri ikiisha, mashine husahau hata kwamba ina diski kuu, ikatoa namba 161, na mwenye mali akadhani diski yake imekufa na nyaraka zake zimepotea, kumbe ziko salama salimini na hazihitaji ila betri mpya na mtu anayejua aina ya diski ile. Wangapi walitupa diski nzima kwa sababu hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Waigaji wa AT walizidi ubaya: wengi walitia risasi juu ya bodi zao betri ya nikeli na kadimiamu, yenye umbo la pipa dogo, ambayo ikichoka huvuja magadi makali yanayokula njia za shaba, na kwa kuwa aghalabu iliwekwa jirani na tundu la kibodi, kibodi huwa miongoni mwa vya kwanza kudhurika. Dawa yake ni siki au maji ya ndimu kuyavunja makali hayo, kisha kuosha na kukausha, kisha kuunga upya kila njia iliyokatika kwa uzi mwembamba wa shaba. Kazi ya siku nyingi, na mara nyingine ya bure.

AT ilileta pia hidaya kwa mafundi: katika kila hatua ya kujikagua ilituma namba katika mlango maalumu wa ndani, mlango wa 80 kwa hesabu za kompyuta, hata kukazuka kadi za majaribio zenye tarakimu mbili za taa, ambazo hukwama pale pale mashine ilipokwama. Kwa upande wa milio, ushindani uliharibu lugha, kwani BIOS za kampuni za AMI na Award zilitoa milio isiyopatana na ya IBM wala baina yao, na fundi akalazimika kuuliza kwanza BIOS ni ya nani kabla ya kuhesabu. Kisha, kati ya 1999 na 2007 hivi, likaja balaa la kapasita za majimaji zilizovimba vichwa na kuvuja, ambalo kwa kompyuta za Dell peke yake liliigharimu kampuni takriban dola milioni 300 mwaka 2005.

Kwetu ufundi huu ulichelewa, na Tanzania hasa, kwa sababu serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka 1974. Na mashine zilipokuja kuwa nyingi, sehemu kubwa zilikuwa zile zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, zikateremshwa Mombasa na Dar es Salaam. Zile za Marekani zilikuja na swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai ikiwa imeelekezwa kwenye volti 115, na aliyezichomeka ukutani bila kutazama alisikia mlipuko kabla ya kuona kitu kiooni. Mafundi wa mitaani, bila kadi za majaribio, walishika kanuni ile ile ya kupunguza: wakatoa kila kisicho cha lazima, wakaisugua miguu ya rem, yaani vibao vya kumbukumbu, kwa raba ya wanafunzi, wakairudisha, wakasikiliza. Kompyuta za leo nyingi hazina spika ya milio, na rem zake zimeungwa na bodi moja kwa moja, hivi kwamba hakuna cha kusikiliza wala cha kusugua. Kwa mizani ya ufundi, hilo nalihesabu hasara.

Yeyote aliyehifadhi stoo kompyuta ya miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990, namsihi asiiwashe kwa kuijaribu tu. Aifungue kwanza, aikate betri ya pipa ikiwa ipo, aitazame bodi kama ina kutu ya kijani, na aihakikishe swichi ya volti. Hayo yakishatimia ndipo atie umeme.