Bei ya Mgonjwa

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Lakini wenye kulisha wagonjwa wengi hawana budi kuulizana uji huo umegharimu kiasi gani, na nani atakayelipa. Swali hilo ndilo lililozaa desturi ya kuzilipa hospitali kwa hesabu ya maradhi yaliyotibiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walishirikiana Robert Fetter, mtaalamu wa uendeshaji wa viwanda, na John Thompson, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomesha uongozi wa hospitali. Kusudi lao halikuwa kupanga bei. Walitaka kipimo cha kulinganisha kazi ya hospitali, ili ijulikane ni mgonjwa gani aliyekaa kitandani kupita kawaida, na kwa nini. Basi wakawagawa wagonjwa katika makundi kwa maradhi yao, umri wao na matibabu waliyopewa, hata kila kundi likawa la watu wenye kuhitaji takriban kiasi kimoja cha siku na huduma.

Lakini kipimo hakikubaki mikononi mwa wapimaji. Tangu mwaka 1966 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa ajili ya wazee, ilizirudishia hospitali gharama zao. Iliyotumia zaidi ililipwa zaidi. Jimbo la New Jersey lilianza kulipa kwa makundi mwaka 1980, na Oktoba 1983 Medicare ikafuata. Sasa kila kundi lilikuwa na bei iliyokatwa kabla mgonjwa hajalazwa. Hospitali iliyotumia pungufu ilibaki na faida, na iliyozidisha ilibeba hasara yake. Siku za kulazwa zikapungua upesi. Mwaka 1990 watafiti wa shirika la RAND walieleza kwamba vifo havikuongezeka. Bali waliongezeka wagonjwa walioruhusiwa kwenda zao kabla hali yao haijatulia.

Desturi hiyo ikavuka bahari. Julai 1993 jimbo la Victoria, Australia, liliitwaa kwa hospitali zake za umma, wakati uleule serikali ya jimbo ilipokuwa ikipunguza matumizi. Fedha zikamfuata mgonjwa, kwa uzito wa maradhi yake. Mwaka 2012 nchi nzima ikaanza kuifuata, lakini hospitali nyingi ndogo za mashambani ziliachiwa fungu maalumu. Kwa maana mkunga wa zamu hulipwa hata usiku ambao hakuzaliwa mtoto.

Hapana shaka kwamba kulipa bila kupima kulifuja mali ya umma. Hata hivyo bei ya kundi ni wastani wa watu wengi, na mzee anayeishi peke yake, ambaye kidonda chake chachelewa kupona, si wastani. Kipimo kilichoundwa ili daktari aulize kwa nini mgonjwa huyu amekawia, kisitumiwe kumnyamazisha daktari huyo anapokuwa na jibu.