Intakula, ama Itakula Kwako

Hapa Nairobi, kijana akinunua Subaru ya turbo, jambo la kwanza anamwambia fundi ni aongeze presha. Ile pua iliyo juu ya boneti anaiona kama pambo tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini historia ya hiyo pua nimeifuata hadi Marekani, 1962.

Mwaka huo Oldsmobile ilitoa Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya kawaida kuuzwa yakiwa na turbo. Injini ya lita 3.5, nguvu za farasi 215. Shida ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Gusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo, utaelewa. Hewa moto hutanuka, kwa hivyo oksijeni inayoingia hupungua. Mbaya zaidi, petroli inaweza kulipuka kivyake, bila kungoja plagi. Injini inaanza kugonga, na ikigonga sana pistoni zinaharibika.

Dawa ya wahandisi ilikuwa tangi dogo la maji na methanoli, walioliita Turbo-Rocket Fluid. Yakinyunyiziwa hewa, yanageuka mvuke na kubeba joto. Hesabu ilikubali. Binadamu ndiye alikataa: wenye magari walisahau kujaza. Tangi likikauka, mtambo unapunguza presha, gari linakuwa zito kama mkokoteni. Kufikia mwisho wa 1963 Jetfire haikutengenezwa tena, na wateja wengi waling'olewa turbo, wakawekewa kabureta ya kawaida.

Porsche ilipofika 1978, 911 Turbo ilipewa intakula chini ya bawa la nyuma. Hii ni kama rejeta, ila inapoza hewa badala ya maji. Hakuna wa kuikumbuka kuijaza. Upepo wa barabarani unaifanyia kazi. Subaru nayo iliiweka juu ya injini, na ile pua ndiyo inaipulizia.

Sasa fikiria jam ya Thika Road. Gari limesimama, upepo hakuna, intakula imekalia injini inayochemka. Na presha ulishaongeza.

Kwa hivyo kabla fundi hajagusa turbo, muulize joto la ziada litaenda wapi. Akikosa jibu, funga boneti uende. Injini ikilipuka itakula kwako, na mkopo wa gari bado unalipa.